Béla Guttmann, kocha asiyetaka kuzoeleka, na ile laana ya Benfica

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kijiweni kwetu hapa Tanga tunabishana sana kuhusu makocha wanaohamahama. Mwenzetu mmoja akamtaja Béla Guttmann, kwamba aliipa Benfica Kombe la Ulaya mara mbili, akaomba nyongeza, akanyimwa, akailaani klabu miaka 100 na laana inatembea mpaka leo. Mwingine akasema huyo alikuwa mkorofi tu, ndiyo maana kila klabu alikaa kidogo. Alikuwa nani hasa? Kwa nini kocha wa kiwango kile hakutulia mahali? Na hiyo laana ni ya kweli?"

Marahaba kijana. Naanza na swali lako la katikati kwa sababu ndilo lenye nyama. Laana tutaifikia, haitukimbii.

Kwa mkato: Guttmann hakutulia kwa sababu hakutaka kutulia. Nusu ya kwanza ya maisha yake alihamishwa na mambo yaliyomzidi nguvu, yaani siasa, ubaguzi, kuanguka kwa uchumi na vita. Nusu ya pili akaigeuza hali ile kuwa kanuni yake ya kazi. Aliamini msimu wa tatu ndio unaommaliza kocha. Msimu wa kwanza wachezaji wanamsikiliza, wa pili wanamzoea, wa tatu wanajua atasema nini kabla hajafungua mdomo, na wapinzani nao wameshamsoma. Kwa hiyo makocha wengine wakisubiri kutupiwa virago, yeye alivifungasha mwenyewe mapema, tena mara nyingi akiwa juu. Kwa hesabu yangu alifundisha katika nchi 12.

Huyo mwenzenu aliyesema mkorofi hajakosea. Ila ukorofi wake una historia, na historia hiyo inaanzia uwanjani, siyo kwenye benchi.

Alizaliwa Budapest tarehe 27 Januari 1899 katika familia ya Kiyahudi. Wazazi wake walikuwa walimu wa dansi, naye alifuzu kufundisha dansi akiwa na miaka 16. Alicheza namba ya katikati katika mfumo wa 2-3-5 (mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano), kiungo ambaye enzi zile ndiye aliyeiendesha timu nzima. Akiwa na MTK ya Budapest alionja ubingwa, lakini Hungaria ya mtawala Horthy haikuwa mahali pa Myahudi kulala usingizi, na mwaka 1922 akavuka kwenda Vienna kuchezea Hakoah, klabu ya michezo ya Wayahudi. Hao Hakoah wasikupite hivihivi. Mwaka 1923 walikwenda London wakaifunga West Ham 5-0 nyumbani kwake, na msimu wa 1924/25 wakawa mabingwa wa Austria.

Katikati ya hapo kuna Olimpiki ya Paris ya 1924, na ukitaka kumjua Guttmann anza na kisa hiki. Timu ya Hungaria ilisafiri na msafara wa viongozi wengi kuliko wachezaji. Wakafikishwa hoteli ya Montmartre, mtaa wa starehe, mahali pazuri kwa kiongozi aliyekuja kutalii na pabaya kwa mchezaji anayetafuta usingizi. Guttmann alilalamika, hakusikilizwa. Akaokota panya waliokufa, akawafunga kwenye vitasa vya milango ya vyumba vya viongozi. Mpira wenyewe, Hungaria ilifungwa na Misri 3-0, matokeo yaliyoishangaza Ulaya yote, na Guttmann hakuvaa tena jezi ya taifa. Wengine husimulia panya wale kama kichekesho. Mimi naona mchezaji aliyegundua mapema kwamba soka lina watu wawili, anayecheza na anayekula safari, akaamua tangu siku ile kwamba yeye hatakubali kuwa mjinga kati yao.

Mwaka 1926 Hakoah ilifanya ziara Marekani. Mechi moja ya New York, kwenye uwanja wa Polo Grounds, ilijaza watu takriban 46,000, na ligi ya kule ilikuwa na dola. Wachezaji kadhaa walibaki, Guttmann akiwemo. Alicheza New York Giants, kisha New York Hakoah, na mwaka 1929 akatwaa nao kombe la taifa la Marekani. Pembeni aliweka fedha kwenye baa ya magendo, maana pombe ilikuwa imepigwa marufuku, na nyingine akaziweka kwenye hisa. Oktoba 1929 soko la hisa likaanguka, akiba yake ikaenda nalo. Baadaye alipenda kusimulia kwamba noti yake ya mwisho ya dola 5 aliitoboa macho ya Lincoln, rais aliyechorwa juu yake, ili isiuone mlango wa kutokea.

Sasa mfikirie mtu huyu anaporudi Vienna na kuanza ukocha mwaka 1933, akiwa na miaka 34. Ameshafukuzwa na siasa, viongozi wamempuuza, soko la hisa limemla. Unategemea atasaini mkataba kwa macho yaliyofumbwa?

Mwaka 1935 alikwenda Uholanzi, klabu ya SC Enschede. Timu ilikuwa inanusurika kushuka daraja. Kwenye mazungumzo Guttmann akadai bonasi nene kabisa endapo timu ingetwaa ubingwa, na viongozi wakakubali wakicheka, kwani nani aliota ubingwa? Timu ikaanza kushinda. Ikashinda tena, ikafika mahali ubingwa wa nchi unanukia. Mwenyekiti alikuja kukiri kwamba mwisho wa msimu alikuwa anakwenda uwanjani akiomba Mungu timu yake ifungwe, kwa sababu bonasi ile ingeifilisi klabu. Ubingwa ukawaponyoka kidogo tu. Kwangu kisa hiki kinaeleza kazi yake yote iliyofuata kuliko laana yoyote: aliujua uwezo wake kabla mwajiri hajaujua, na aliuuza wakati bei inaonekana kama mzaha.

Alirudi Hakoah, lakini Machi 1938 Ujerumani ya Hitler ikaimeza Austria na klabu ile ikafutwa. Akakimbilia Budapest, akaifundisha Újpest, na msimu wa 1938/39 akatwaa ubingwa wa Hungaria pamoja na Kombe la Mitropa, mashindano makubwa ya vilabu vya Ulaya ya Kati wakati huo. Kisha vita. Kwa miaka mingi walioandika habari zake waliruka kutoka 1939 hadi 1945 kana kwamba alikuwa likizo, na yeye mwenyewe hakupenda kulizungumza. Alijificha kwenye dari ya nyumba karibu na Budapest, baadaye akaingizwa kambi ya kazi za shuruti. Kambini alikuwa pamoja na Ernő Egri Erbstein, yule aliyekuja kuijenga Torino kubwa na kufa nayo kwenye ajali ya ndege ya Superga mwaka 1949. Mwishoni mwa 1944 walitoroka kwa kuruka dirishani. Baba yake Guttmann, dada yake na ndugu wengi wa ukoo waliuawa na Wanazi.

Anaposemwa kwamba hakuwa na kwao kwenye soka, kumbuka pia kwamba kwao halisi palikuwa pameteketezwa.

Baada ya vita alifundisha Ciocanul ya Bucharest. Romania ilikuwa na njaa, fedha haina thamani, hivyo akataka mshahara wake ulipwe kwa chakula. Kiongozi mmoja alipoanza kumpangia kikosi, Guttmann alimwacha apange, mechi ikachezwa, halafu akamwambia kwamba kwa kuwa anaonekana ameshaijua kazi basi aendelee nayo. Akaondoka.

Kispest, klabu ya Budapest iliyokuja kuitwa Honvéd, ndiyo ninayotaka ukae nayo kidogo. Alifika akimrithi kocha aliyekuwa baba mzazi wa nyota wa timu, kijana Ferenc Puskás. Siku moja mwaka 1948 timu inachezea kichapo, na beki mmoja, Mihály Patyi, anacheza rafu za hasira. Mapumziko Guttmann akamwambia asirudi uwanjani. Enzi hizo hakuna mchezaji wa akiba, yaani alikuwa tayari timu icheze na watu kumi kuliko amri yake ivunjwe. Puskás, miaka 21 tu, akamwambia Patyi asijali, arudi. Patyi akasitasita, kisha akarudi. Guttmann hakupiga kelele. Alikwenda kukaa jukwaani na watazamaji, kipindi cha pili karibu chote akasoma gazeti la mbio za farasi, filimbi ya mwisho ilipolia akapanda tramu kwenda nyumbani. Kispest hawakumwona tena. Lishike jina la Puskás, tutakutana naye Amsterdam.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka kwa sababu ni ya kuhangaika: Padova na Triestina za Italia, Quilmes ya Argentina, APOEL ya Kupro, kisha nafasi ya kweli, AC Milan, mwishoni mwa 1953. Milan ile ilikuwa na nyota kama Nordahl, Liedholm na Schiaffino. Mapema 1955, timu ikiwa kileleni mwa msimamo, uongozi ukamtimua baada ya mivutano. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba amefukuzwa ingawa si mhalifu, akaaga. Milan wakamaliza msimu mabingwa bila yeye. Tangu hapo mikataba yake ikawa na kipengele kwamba hawezi kufukuzwa timu ikiwa inaongoza ligi. Mngewapelekea mawakala wa makocha wanaokuja Jangwani na Msimbazi, kwa Yanga na Simba, kipengele hicho, sijui kama kingepita, lakini mazungumzo yangekuwa matamu.

Halafu Brazil, kwa njia ya ajabu. Maasi ya Hungaria ya 1956 yaliikuta Honvéd ikiwa nje ya nchi, na badala ya kurudi timu ilizunguka ikicheza mechi za kulipwa hadi Brazil mwanzoni mwa 1957, Guttmann akiwa nayo. Ziara ilipokwisha alibaki na São Paulo FC, akatwaa ubingwa wa jimbo mwaka huohuo. Timu ilicheza 4-2-4, mpira wa kwenda mbele haraka. Vicente Feola, aliyekuwa naye pale klabuni, ndiye aliyeiongoza Brazil kutwaa Kombe la Dunia Sweden mwaka 1958 kwa mfumo huohuo. Wapo wanaompa Guttmann sifa zote za ushindi ule. Mimi nampa sehemu tu. Mfumo ulikuwa unapikwa Brazil kabla hajashuka, na Fleitas Solich, kocha wa Paraguay aliyekuwa Flamengo, ana haki yake hapo. Makocha wasafiri huvuna sifa za walichokikuta pamoja na walichokileta, na si rahisi kuvitenganisha.

Ureno alianza na Porto, msimu wa 1958/59. Aliikuta nyuma ya Benfica kwa pointi tano, wakamaliza sawa na Porto ikachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Benfica wakafanya jambo ambalo hata huku tunalijua: aliyekushinda, mchukue. Akawapa ubingwa wa 1960 na wa 1961.

Timu ile ilikuwa na mguu mmoja Afrika. Kiungo Mário Coluna alizaliwa Msumbiji. Kipa Costa Pereira naye alizaliwa Msumbiji. Mshambuliaji José Águas alizaliwa Angola. Ureno ilikuwa inatawala nchi hizo na vilabu vyake vilivuna vipaji huko kama mali ya nyumbani. Na kisa cha Eusébio kinaanzia kinyozi. Guttmann alikuwa kwa kinyozi Lisbon, akakutana na José Carlos Bauer, Mbrazil aliyewahi kuchezea São Paulo, ambaye alikuwa ametoka Msumbiji na timu yake. Bauer akamsimulia kijana wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, mwenye mbio na shuti ambavyo hajawahi kuviona. Tatizo ni kwamba kijana alikuwa anachezea tawi la Sporting, mahasimu wa Benfica. Desemba 1960 akasafirishwa kwa jina la bandia la kike, Ruth Malosso, na alipofika akafichwa Algarve mpaka vumbi litulie. Yanayofanyika hapa kwetu dirisha la usajili, kumficha mchezaji hotelini simu zikiwa zimezimwa, yana babu zake.

Fainali ya Kombe la Ulaya, Ligi ya Mabingwa ya leo, mwaka 1961 ilichezwa Bern, Benfica 3, Barcelona 2. Wahungaria wawili wa Barcelona, Kocsis na Czibor, walifunga na bado wakapoteza kwenye uwanja uleule wa Wankdorf, na kwa matokeo yaleyale ya 3-2 yaliyowanyima Kombe la Dunia mwaka 1954. Barcelona waligonga miamba hadi basi. Guttmann alikuwa na bahati siku ile, hilo tuliseme.

Ya 1962 haikuwa bahati. Tarehe 2 Mei, Amsterdam, Real Madrid walikuwa mbele 3-2 mapumziko, na mabao yote matatu amefunga Puskás, yuleyule kijana wa Kispest, sasa ana miaka 35. Guttmann hakuhangaika na Puskás. Aliuliza mpira unamfikia kutoka wapi. Unatoka kwa mwenzake Di Stéfano. Akampa Cavém kazi ya kumkaba Di Stéfano, na bomba likafungwa. Coluna akasawazisha dakika ya 50, kisha Eusébio, miaka 20, akafunga mawili. Ikaisha 5-3, na Puskás hakupata tena nafasi ya maana.

Hapo ndipo swali lenu linapofika. Guttmann alilalamika baadaye kwamba kwa kutwaa Kombe la Ulaya alilipwa dola 4,000 pungufu ya alizopata kwa ubingwa wa Ureno, na viongozi hawakuonyesha nia ya kurekebisha. Mtu aliyedai bonasi ile ya Enschede hawezi kulimeza hilo. Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi wa laana hulisahau. Msimu ule wa 1961/62 Benfica ilimaliza ligi ikiwa ya tatu, nyuma ya Sporting na Porto. Na ulikuwa msimu wake wa tatu klabuni, muda mrefu zaidi aliowahi kukaa mfululizo na timu yoyote. Kombe la Ulaya lilifunika nyufa, yeye alikuwa ameshaziona. Fedha zilikuwa sababu ya kweli, na pia zilikuwa kisingizio kizuri cha mtu ambaye tayari alikuwa anatazama mlango. Akaenda Peñarol ya Uruguay.

Basi laana. Inasemwa alitamka kwamba Benfica haitakuwa bingwa wa Ulaya kwa miaka 100. Ni kweli kwamba Benfica wamepoteza fainali za Kombe la Ulaya mwaka 1963, 1965, 1968, 1988 na 1990, kisha za Europa League mwaka 2013 na 2014, na ile ya Kombe la UEFA mwaka 1983. Ni kweli pia kwamba kabla ya fainali ya 1990, iliyochezwa Vienna alikozikwa Guttmann baada ya kufariki tarehe 28 Agosti 1981, Eusébio alikwenda kaburini kumwombea timu msamaha. Wakafungwa na Milan 1-0.

Ila tazama fainali zenyewe. Mwaka 1965 walicheza na Inter San Siro, yaani nyumbani kwa Inter, kipa Costa Pereira akaumia na beki Germano akalazimika kukaa golini kwa sababu akiba haikuruhusiwa. Mwaka 1968 Manchester United walikuwa Wembley, England. Mwaka 1988 ni penalti, moja tu ikakosekana. Timu inayofika fainali mara nyingi hivyo dhidi ya wakubwa hivyo itapoteza nyingi, na hakuna mganga anayehitajika. Kuhusu maneno yenyewe, mimi siamini kwamba aliyatamka kwa sura hii tunayoisikia. Yana harufu ya hadithi iliyonenepeshwa kila fainali ilipopotea. Na Benfica wenyewe hawana kinyongo, maana mwaka 2014 waliweka sanamu yake kwenye Estádio da Luz, kashika makombe mawili.

Kijiweni wakikubishia, waulize hivi: mlaani aliyeondoka kwa hasira, kwa nini alirudi? Kwa sababu alirudi. Msimu wa 1965/66 Guttmann alikuwa tena kwenye benchi la Benfica, mkataba mkononi, Eusébio na Coluna bado wapo. Robo fainali ya Kombe la Ulaya wakapangwa na Manchester United. Kule England walifungwa 3-2, mlima unaopandika. Marudiano Lisbon, tarehe 9 Machi 1966, kijana wa United wa miaka 19 aitwaye George Best akafunga mawili dakika za mwanzo, na Benfica wakafungwa 5-1. Guttmann hakufika msimu wa pili. Alipita Servette ya Uswisi, Panathinaikos ya Ugiriki na Austria Wien, akafunga kazi na Porto msimu wa 1973/74, akiwa na miaka 75.